Asubuhi Iliyofuata

 

Jumapili moja baada ya ibada alitujia mama mmoja wa parishi yetu, mjane, ameshika karatasi iliyokunjwa. Alikuwa amepewa sokoni. Ilijaa mafungu ya Maandiko na hesabu, na chini kabisa ilitaja mwaka na mwezi ambao ulimwengu utakwisha. Mama yule hakutaka kubishana nasi juu ya hesabu zile. Aliuliza neno moja tu: “Bwana Mchungaji, nilipe karo ya muhula ujao, au niache?” Alikuwa na mbuzi wawili aliokusudia kuwauza, na mtoto wake alikuwa kidato cha pili.

Twakiri kwamba nusura tucheke. Lakini tulipomtazama usoni, kicheko kilitutoka. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kama ulimwengu wakwisha kabla ya mtihani, mbuzi wauzwe kwa nini? Na kama haukwishi, na karo haikulipwa, yule mtoto atakaa wapi? Tangu siku ile, kila tunaposikia mtu akitaja tarehe ya mwisho wa dunia, twajiuliza kama mama yule: asubuhi itakayofuata, nani atakuwa amebaki bila nini?

Hatusemi kwamba Bwana hatarudi. La, hasha! Kila Jumapili twasimama kanisani na kukiri kwamba atakuja kuwahukumu walio hai na waliokufa, na kila mwaka, katika majuma ya Majilio, twajikumbusha jambo hilo kabla ya Krismasi. Tusiloliamini ni tarehe. Bwana mwenyewe alisema katika Mathayo 24:36 kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake. Na mitume walipomwuliza habari za nyakati, siku ya kupaa kwake, aliwaambia kwamba si kazi yao kuzijua, kisha akawapa kazi nyingine. Someni Matendo 1. Basi, Mkristo anayekataa kusadiki tarehe hana upungufu wa imani. Amemsadiki Bwana wake alivyosema.

Hata hivyo watu wamehesabu, na tangu zamani sana. Hippolytus, mwalimu wa kanisa la Roma, aliandika maelezo ya kitabu cha Danieli karibu na mwaka 204, wakati wa mateso makali chini ya Kaisari Septimius Severus. Ndani yake asimulia habari mbili za viongozi wa makanisa waliokuwa hai siku zake. Wa kwanza alikuwa Shamu. Aliwashawishi waumini wengi watoke pamoja naye, wanaume, wanawake na watoto, waende jangwani kumlaki Kristo. Wakatangatanga milimani wamepotea njia, hata liwali wa nchi akadhani ni kundi la wanyang’anyi, karibu awatume askari wawaangamize. Aliyewaokoa ni mke wa liwali, maana alikuwa mwamini. Alimsihi mumewe apoze hasira yake.

Wa pili aliongoza kanisa huko Ponto, kando ya Bahari Nyeusi. Hippolytus hamwiti mwongo. Asema alikuwa mtu mcha Mungu na mnyenyekevu, ila hakuwa na bidii katika Maandiko, akazisadiki ndoto zake mwenyewe. Aliota mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha akawatangazia ndugu kwamba hukumu itakuja kabla ya mwaka kwisha. Akaongeza neno moja baya kuliko yote: kwamba lisipotokea kama alivyosema, wasiyaamini Maandiko tena. Ndugu wakaacha mashamba. Wengi wakauza mali zao. Mwaka ukapita. Kiongozi akaaibika, Maandiko yakabaki ya kweli, na wale waliouza mali wakaonekana wakiomba chakula.

Liangalieni neno lile la kiongozi wa Ponto, kwa maana kila mtaja tarehe hulisema, hata asipolitamka kwa kinywa. Alichukua Neno la Mungu akaliweka rehani kwa hesabu yake. Shamba laweza kununuliwa tena. Lakini mtu aliyefundishwa kwamba Biblia yote yasimama au yaanguka pamoja na tarehe fulani, tarehe ikianguka, utamrudishaje kanisani?

Na Hippolytus naye, baada ya kuwaonya wenzake, akaanza kuhesabu! Alisema tangu Adamu hadi Kristo ni miaka 5500, na ulimwengu utadumu miaka 6000, kwa hiyo mwisho waja karibu na mwaka 500 baada ya Kristo. Pengine alitaka kuwatuliza watu kwa kuisogeza siku mbali. Mwaka 500 nao ukapita. Twamtaja ili tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa watu wajinga.

Tusiokuwa wajinga tuna mfano wetu katika Ujerumani, wakati wa Matengenezo. Michael Stifel alikuwa mtawa, kisha akawa mchungaji na rafiki wa Martin Luther. Alikuwa hodari mno wa hesabu. Kitabu chake cha mwaka 1544 kina sifa mpaka leo kwa wasomi wa somo hilo. Lakini kabla ya kukiandika aliwahi kuuelekeza uhodari wake katika Biblia. Aligeuza herufi kuwa tarakimu, akajumlisha, akapata kwamba Bwana atarudi mwezi wa Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Luther alimsihi asitangaze. Luther mwenyewe alidhani mwisho u karibu, lakini hakupendezwa na hesabu ile. Stifel hakusikia. Watu wa mji wake, Lochau, wakaacha kazi zao, wakakusanyika. Saa mbili ikafika, ikapita. Mchungaji akakamatwa na watumishi wa mtawala.

Lakini tusiache hapo. Luther na mwenzake Melanchthon walimwombea rafiki yao, na mwaka 1535 akapewa kanisa lingine huko Holzdorf, akaendelea kuchunga. Sisi tulio katika huduma twapenda sana sehemu hiyo ya habari. Hawakumtupa.

Sasa tuje kwa William Miller, kwa kuwa habari zake ndizo zinazojulikana kuliko zote, na ndizo zinazosimuliwa vibaya kuliko zote. Miller alizaliwa Marekani mwaka 1782, akawa mkulima huko Low Hampton katika jimbo la New York. Katika ujana wake aliacha imani ya wazazi wake, akasadiki kwamba Mungu yuko lakini hajishughulishi na mambo ya wanadamu. Alipigana akiwa kapteni katika vita vilivyoanza mwaka 1812 kati ya Marekani na Uingereza. Huko Plattsburgh, mwaka 1814, aliona jeshi dogo likishinda jeshi kubwa, akaanza kujiuliza kama kweli Mungu hajishughulishi. Mwaka 1816 alimrudia Bwana. Rafiki zake wa zamani wakamdhihaki, naye akaamua kuisoma Biblia yote, mstari kwa mstari, tangu Mwanzo, akiwa na itifaki moja tu ya kumwonyesha neno fulani lapatikana wapi. Akikwama mahali, haendelei mpaka aelewe. Alifanya hivyo muda wa miaka miwili.

Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tumewahi kuisoma Biblia hivyo? Twauliza na kujijumlisha wenyewe.

Katika Danieli 8:14 alikuta habari za siku 2300, kisha patakatifu patakaswe. Akachukua siku moja kuwa mwaka mmoja. Akaanza kuhesabu mwaka 457 kabla ya Kristo, wakati mfalme Artashasta alipotoa amri inayosimuliwa katika Ezra 7. Ukitoa 457 katika 2300 wapata 1843. Akafikiri kwamba kutakaswa kwa patakatifu ni kurudi kwa Bwana. Hesabu ya kutoa haina kosa. Lakini nani alimwambia kwamba siku ni mwaka mahali pale, na kwamba patakatifu ni dunia? Mnaona, basi: mtu hujenga nyumba ya orofa tatu juu ya mawe mawili aliyoyaweka mwenyewe, kisha huisifu nyumba kwa kuwa orofa zimenyooka.

Miller alimaliza hesabu yake mwaka 1818, akanyamaza karibu miaka 13. Aliogopa kukosea. Alianza kuhubiri mwaka 1831. Kisha akakutana na Joshua Himes, mchungaji wa Boston, mtu wa magazeti. Tangu mwaka 1840 Himes akachapisha magazeti, akatengeneza chati kubwa za kutundika, akanunua hema kubwa la mikutano. Makumi ya maelfu ya watu wakasadiki, Wabaptisti, Wamethodisti na wengineo.

Miller hakutaka kutaja siku. Alipobanwa, alisema ni kati ya tarehe 21 Machi 1843 na 21 Machi 1844. Muda huo ukapita. Miller akakiri wazi kwamba amekosea katika hesabu. Laiti mambo yangaliishia hapo! Lakini wengine walitambua kwamba baada ya mwaka wa 1 kabla ya Kristo hakuna mwaka sifuri, unafuata mwaka wa 1 baada ya Kristo, kwa hiyo hesabu yafika 1844. Na katika mkutano wa makambi huko Exeter, New Hampshire, Agosti 1844, Samuel Snow akafundisha kwamba siku yenyewe ni Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, nayo kwa kalenda aliyoifuata ni tarehe 22 Oktoba. Neno hilo likaenea kama moto katika nyasi kavu. Viongozi ndio waliokubali mwisho. Miller, yule mzee mwoga wa tarehe, alikubali majuma machache tu kabla ya siku. Fikirini jambo hilo: kundi lilimwongoza mchungaji.

Wakulima wengine hawakuvuna. Viazi vilibaki ardhini. Wenye maduka wengine walifunga, wengine wakagawa bidhaa. Watu walilipa madeni yao, wakaungamiana makosa, wakapatanishwa na jirani zao. Hayo ya mwisho twayasifu bila kusita. Husemwa pia kwamba walivaa kanzu nyeupe wakapanda juu ya mapaa ya nyumba. Waliochunguza habari hizo baadaye hawakuona ushahidi thabiti. Tusiwazulie. Walikaa majumbani na makanisani wakiimba na kuomba, wakingoja hadi saa sita ya usiku ikagonga.

Kisha pakapambazuka, tarehe 23 Oktoba 1844.

Mmoja wao, Hiram Edson, mkulima, aliandika baadaye kwamba walilia mpaka alfajiri, na kwamba alijiuliza kama Mungu yuko na kama Biblia ni kweli. Je, mwamkumbuka yule kiongozi wa Ponto? Hilo ndilo deni lake lililodaiwa tena, miaka zaidi ya 1600 baadaye. Jirani wakawadhihaki barabarani, wakiwauliza mbona hawajapaa. Watoto wao walichekwa. Himes ikambidi awahimize ndugu wawasaidie wale waliobaki hawana kitu. Wengi waliacha imani kabisa, na majina yao hayamo katika kitabu chochote cha historia. Mzee Miller aliondolewa katika kanisa lake la Kibaptisti Januari 1845. Mwaka ule ule alichapisha maelezo yake, akakiri kosa bila kumlaumu mwingine. Aliendelea kumngoja Bwana mpaka alipofariki tarehe 20 Desemba 1849, macho yake yakiwa yamefifia.

Sisi twamheshimu mtu huyo kuliko wengi waliomcheka. Alikosea, akasema nimekosea. Na katika mabaki ya kundi lile walitokea ndugu zetu Waadventista wa Sabato, ambao kanisa lao liliundwa mwaka 1863 na wamishonari wao wakafika Gendia, karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1906. Wao huielewa siku ile ya Oktoba kwa namna yao, wala leo hatukuja kujadiliana nao. Twataja tu kwamba kanisa lao halitaji tarehe ya kurudi kwa Bwana, na kwamba watoto wa waliokiacha kiazi shambani wamejenga shule nyingi, na hospitali kama ile ya Kendu.

Si kila mahali habari iliishia kwenye machozi tu. Hapa inatubidi tupunguze sauti.

Huko Kanungu, Uganda, palikuwa na kundi lililoambiwa kwamba ulimwengu utakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Watu waliuza mali zao na kuwapa viongozi fedha. Asubuhi ya tarehe 1 Januari ikafika. Wakaanza kuuliza maswali. Wakapewa tarehe nyingine, na siku ya 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada iliyofungwa, watoto wakiwamo. Baadaye makaburi mengine yakapatikana.

Na sisi Wakenya hatuwezi kunyosha kidole ng’ambo ya mpaka. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa kwamba siku za mwisho zimefika na kwamba wakifunga kula hadi kufa watakutana na Yesu. Walikuwa na Biblia. Walitoka sehemu nyingi za nchi yetu. Wengine walikuwa wameacha kazi, wakawatoa watoto shuleni. Mama yule aliyetuuliza juu ya karo aliuliza swali lile lile ambalo mama fulani wa Shakahola angaliuliza, kama angalikuwa na mtu wa kumwuliza.

Hapo ndipo historia hii inapotuchoma sisi wachungaji. Twawaonya watu wasifuate manabii wa tarehe. Vema. Lakini mara ya mwisho tulipohubiri kurudi kwa Bwana ni lini? Tulipokuwa chuo cha theolojia tulisoma habari za Danieli na Ufunuo kwa vitabu vinene, tukafaulu mitihani, tukatoka tukiwa waangalifu hata tukawa mabubu. Twasema Imani kwa haraka, twapita. Mkristo akitaka kujua habari za siku ile, mimbarini hapati kitu. Akienda sokoni apewa karatasi. Mtu mwenye njaa hali kwa sababu chakula ni kizuri.

Wala redio si kinga. Harold Camping wa California alihubiri redioni miaka mingi. Alitaja Septemba 1994, haikuwa. Akataja tarehe 21 Mei 2011, na matangazo yakabandikwa barabarani katika nchi nyingi; watu wengine wakatumia akiba yao yote kuyaeneza. Ilipopita, akataja 21 Oktoba mwaka huo huo. Machi 2012 alikiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Twamshukuru Mungu kwa ungamo lile, ila akiba za watu hazikurudi. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukisikia hata sauti hii yetu siku moja ikikutajia mwaka, zima redio yako ukapalilie.

Paulo alilikuta tatizo hili mapema. Wathesalonike walipata habari, kana kwamba zimetoka kwake, kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo. Katika waraka wa pili, mlango wa 2, awaambia wasifadhaishwe upesi, iwe ni kwa roho, au kwa neno, au kwa barua. Kisha katika mlango wa 3 awarudi wale wasiofanya kazi, waendao huku na huku wakijishughulisha na mambo ya wengine, awaambia watulie, wale chakula chao wenyewe. Tazameni jinsi mtume alivyotoka mbinguni mpaka kwenye sufuria. Na Bwana, katika Luka 12, alipoeleza mtumwa mwaminifu anayekutwa tayari, hakumweka juu ya paa akitazama mawingu. Alimweka jikoni, akiwagawia watumwa wenzake posho kwa wakati wake.

Basi tulikaa na mama yule kwenye benchi nje ya kanisa, tukasoma pamoja Matendo 1 na Luka 12. Hatukumwambia kwamba Bwana hatarudi muhula ujao, maana hilo nasi hatulijui. Tulimwambia kwamba Bwana akirudi amkute amelipa karo. Akaikunja karatasi yake akaitia katika Biblia, akatuambia kwamba mbuzi mmoja alikwisha kumwuza siku ile ile ya soko. Alikuja kuuliza habari za yule wa pili.